Kikande, Pono na Mwamba Uliolemewa

ZUHURA: Wasikilizaji wetu wa pwani na wa bara, karibuni. Leo mimi na kaka Athumani tunazungumzia samaki wa miamba ya matumbawe kuanzia Lamu hadi Mtwara, na namna shughuli zetu wanadamu zinavyowapunguza wao na kuyaharibu makazi yao. Najua wengi wenu mnatarajia tuanze na uvuvi wa baruti. Baruti tutaifikia, lakini ningependa kaka Athumani atuanzie na kikande.

ATHUMANI: Ahsante, dada Zuhura. Habari ya kikande inaonyesha jinsi mwamba unavyoweza kuharibika bila mtu yeyote kuuvunja. Kikande ni samaki mwenye ngozi ngumu na meno yenye nguvu, na sokoni hapewi heshima wanayopewa changu na chewa. Chakula chake ni pamoja na wale viumbe wa miiba wanaojibanza kwenye matundu ya mwamba, ambao humchoma mtu mguuni anapotembea maji yakiwa yamekupwa. Mtafiti Tim McClanahan wa shirika la Wildlife Conservation Society, ambaye ameifuatilia miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, aliilinganisha miamba iliyolindwa ndani ya hifadhi na ile inayovuliwa bila kizuizi. Palipovuliwa sana, viumbe hao wa miiba walikuwa wengi kuliko ndani ya hifadhi kwa kiasi cha mara mia moja hivi, kwa sababu walaji wao, na hasa kikande, walikuwa wamekwisha.

ZUHURA: Msikilizaji anaweza kuuliza wana ubaya gani, kwani nao si hula mwani unaoyafunika matumbawe?

ATHUMANI: Wakiwa wachache, ni kweli kwamba wanasaidia. Wakizidi, hawaishii kwenye mwani, bali huukwangua mwamba wenyewe hadi ukaanza kuliwa kwa kasi kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga, na wakati huohuo huwamalizia chakula samaki kama pono, kangaja na tasi, ambaye Unguja tunamwita chafi. Kwa hiyo mvuvi aliyewamaliza vikande miaka kumi iliyopita leo analalamika kwamba tasi wamepungua, na hana sababu ya kuyahusisha mambo hayo mawili, kwa kuwa hakuna aliyemweleza. Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba kikande harudi haraka. Hata ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ilionekana kwamba kurejea kwake ni suala la miongo, si la miaka miwili au mitatu.

ZUHURA: Nami niongeze habari ya pono, kwa sababu watu wa pwani tukimwona mtu amelala fofofo tunasema amelala usingizi wa pono, na usingizi huo umekuwa msiba wake. Mpiga mbizi mwenye tochi na bunduki ya mshale anapoingia usiku humkuta pono ametulia kwenye ufa wa mwamba, akamchagua mkubwa kuliko wote. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao wakishakua hugeuka kuwa madume yenye rangi za kung'aa. Ukiwaondoa wakubwa kila usiku, unawaondoa madume, na wale waliobaki hulazimika kugeuka wakiwa bado wadogo. Chewa wengi nao wana tabia hiyo ya kuanza kama majike. Zaidi ya hapo, pono ndiye anayeukwangua mwani kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku, na sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaoupenda ufukweni hutokana na mawe anayoyasaga na kuyatoa. Mwamba usio na pono wakubwa hufunikwa na mwani, na matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika.

ATHUMANI: Sasa tuje kwenye baruti. Tanzania imeipiga marufuku tangu mwaka 1970, lakini kwa miongo mingi iliendelea kulipuka mchana kweupe, kwa vilipuzi vilivyovuja kutoka kwenye migodi na ujenzi wa barabara. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walipita na chombo pwani yote ya Tanzania wakikokota kifaa cha kunasa sauti chini ya maji, na kwa siku 31 walithibitisha milipuko 318, ambayo zaidi ya nusu yake ilitokea katika umbali wa kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Nataka msikilizaji aelewe kinachotokea pale. Mlipuko humpasua samaki kibofu cha hewa, kwa hiyo wengi huzama na kuoza chini bila kuokotwa, na matumbawe hubaki vifusi vinavyobingirishwa na kila wimbi. Juu ya vifusi vinavyotembea, tumbawe changa haliwezi kuota. Operesheni kali za serikali zilizofuata ziliipunguza sana milipuko hiyo, na hilo tuliseme kwa shukrani, lakini vifusi vile bado vipo.

ZUHURA: Juya la kukokota, yaani wavu mrefu unaovutwa chini ya bahari, nalo halina kelele, lakini linapita kwenye nyasi za baharini ambako tasi na changu wachanga hukulia kabla ya kuhamia mwambani. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, na bado linaonekana. Yapo pia mambo yanayotoka nchi kavu: tope la Mto Sabaki linaloyafikia matumbawe ya Malindi kutoka kwenye mashamba yaliyo mamia ya kilomita ndani ya Kenya, na matumbawe yaliyochimbwa ili yachomwe kuwa chokaa ya kujengea, kama ilivyofanyika Mikindani na Mafia. Lakini kaka Athumani, kuna swali ambalo wavuvi huniuliza, nami naliona ni la haki. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe yalipauka, na katika miamba mingi ya Kenya, pamoja na baadhi ya miamba ya Mafia na Pemba, zaidi ya nusu ya matumbawe hai yalikufa. Joto likarudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Mvuvi wa ngalawa hakulileta joto hilo. Kwa nini basi aambiwe yeye aache nyavu zake?

ATHUMANI: Swali hilo halipaswi kupewa jibu jepesi, na baadhi ya wahifadhi wamelijibu vibaya, wakidai kwamba mwamba ukilindwa joto halitauumiza. Mwaka 1998 halikuchagua. Matumbawe ya ndani ya hifadhi za Kenya yalikufa vilevile, na pengine yalionekana kupoteza zaidi, kwa kuwa ndiko yalikosalia yale yenye matawi ambayo hayavumilii joto. Mlinzi wa boti hawezi kulizuia joto mpakani. Tofauti huonekana baada ya vifo. Tumbawe lililokufa hufunikwa na mwani katika muda mfupi, na kama wapo pono na kangaja wa kutosha, mwani hulika na mawe yakabaki safi kwa matumbawe machanga yanayoletwa na mkondo. Kama hawapo, au kama viumbe wa miiba wamejaa, mwamba hupata pigo la pili juu ya lile la joto. Joto lenyewe litapungua tu pale nchi zinazochoma mafuta na makaa kwa wingi zitakapobadilika, na ni dhuluma kumtwika mvuvi deni lao.

ZUHURA: Nashukuru umelitamka neno dhuluma, kwa sababu ndilo ninalolihisi kila ninapowasikia wageni wakiwahubiria watu wa madiko yetu ya wavuvi.

ATHUMANI: Ndiyo maana mimi huthamini zaidi maamuzi yaliyotoka kwa wavuvi wenyewe. Kule Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, wavuvi walitenga kama hekta 30 za mwamba wao katikati ya miaka ya 2000, wakazilinda wenyewe, na mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Eneo hilo ni dogo, lakini uamuzi ulikuwa wao. Liko pia jambo rahisi ambalo ningependa kuliona katika kila diko: madema, yaani mitego ya kusukwa, yenye mwanya mwembamba wa kutorokea ubavuni. Samaki wachanga na wale wembamba wasio na soko hupita, wakubwa hubaki. Majaribio yaliyofanyika Kenya yalionyesha kwamba mvuvi hupata samaki wakubwa zaidi, ambao kwa kilo huuzwa bei nzuri kuliko wadogo.

ZUHURA: Kwa upande wa Zanzibar, Kisiwa Panza huko Pemba wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo faida huonekana ndani ya msimu mmoja, na watu wakishaiona huwa tayari kuzungumzia samaki wanaohitaji miaka mingi. Lakini nina wasiwasi wangu. Pweza wa maji ya kina kifupi ni kazi ya wanawake, wanaotembea mwambani kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, wakiwa na kijiti mkononi. Siku ya kufungua, wapiga mbizi wenye miwani na boti wanaweza kuufikia mwamba kabla maji hayajakupwa kiasi cha mwanamke kuukanyaga. Kama waliovumilia miezi ya kufunga ndio watakaofika wa mwisho, sioni ni kwa nini wakubali kufunga mara ya pili.

ATHUMANI: Basi sharti hilo liandikwe kwenye kanuni za kijiji kabla ya kufunga. Bamvua ya kwanza baada ya kufungua iwe ya wanaotembea kwa miguu peke yao, na wanawake wawemo katika kamati inayoitunga kanuni hiyo.