Posho ya Mtoto Ndani ya Simu ya Mzazi

Wazee wangu shikamooni. Wazazi wenzangu, walimu mlioacha madaftari ya kusahihisha mkaja, karibuni.

Nimeombwa nizungumzie posho za watoto na simu. Sarafu ya mia mbili mtoto anaihesabu, inamponyoka, inaingia mchangani, anaifukua. Hela ya kwenye simu haina uzito. Ikitoka, hakuna mfuko uliolegea. Ukiihamishia posho kwenye simu bila kumpa mtoto mahali pa kuiona, atakua akijua hela ni kitu ambacho baba hubonyeza. Kwa hiyo nusu saa yangu yote naitumia kwa jambo moja: hiyo hela ataionaje?

Wenzetu wana programu za kazi hii. Uingereza wana GoHenry tangu 2012, Marekani wana Greenlight, kampuni iliyoanzishwa 2014. Mzazi analipa ada kila mwezi, mtoto anapewa kadi, posho inaingia yenyewe, kila manunuzi yanaonekana kwa wote wawili. Sisi hatuzihitaji. Ukizichungulia ndani utakuta vitu vitatu: ratiba, mgawanyo na kumbukumbu. Vyote tunavitengeneza hapa hapa Kigoma kwa laini ya pili na jedwali la bure.

Tuanze na laini. Wazazi wengi huweka hela ya mtoto kwenye laini ya biashara. Asubuhi mitumbwi imefika Kibirizi, dagaa bei nzuri, mtaji umepelea elfu kumi. Utaichukua tu, na jioni hukumbuki ilikuwa ya nani. Kuna kosa baya kuliko hilo: laini yenye deni la Songesha, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, au huduma nyingine ya namna hiyo. Hela yoyote inayoingia inaanza kulipa deni. Umeweka elfu tano ya mtoto, unakuta salio sifuri, na ujumbe wa kukushukuru kwa kulipa. Chukua laini ya mtandao mwingine, isajili kwa kitambulisho chako cha NIDA, na usiikopee hata siku moja. Ukiwa hapo hapo piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa jina lako. Kuna watu watashangaa.

Sasa ratiba, na hapa naomba utulivu, maana miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara. Sisi nyumba nyingi tunakula kwa mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, na mjini hela inakauka. Mzazi wa namna hii akiahidi posho kila Jumamosi, Jumamosi mbili atatoa, ya tatu atamfokea mtoto. Mtoto anajifunza kwamba hela hutegemea hasira za mzazi.

Dawa yake ni hesabu. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu. Uhesabu wiki nne. Tuseme posho ni 3,000 kwa wiki: giza moja, yaani mzunguko mmoja, ni 12,000. Wakati wa giza, mauzo yakiwa mazuri, ingiza 12,000 yote kwenye ile laini ya pili, kwa mara moja au mbili. Halafu toa 3,000 kila Jumamosi, mbalamwezi iwepo isiwepo. Kama 12,000 huiwezi, posho yako si 3,000. Punguza iwe 1,500 isiyokosa. Kiasi kidogo kisichoyumba kinafundisha kuliko kikubwa cha bahati nasibu.

Kumbukumbu. Pakua Majedwali ya Google, ile Google Sheets. Ni bure, na ukiwasha sehemu ya kutumia bila intaneti itafunguka hata bando likiisha. Fungua jedwali, andika juu safu tano: Tarehe, Maelezo, Imeingia, Imetoka, Salio. Kwenye kisanduku E2 andika =C2-D2. Kwenye E3 andika =E2+C3-D3, kisha buruta kona ya kisanduku hicho kwenda chini mistari hamsini. Basi. Salio litajipiga lenyewe.

Litaharibika wapi? Mtu anaandika 5,000/= kama alivyozoea kwenye risiti. Jedwali linaona maneno, halioni namba, na safu ya salio inajaa #VALUE! mpaka chini. Andika 5000 tupu. Mwingine anaandika 5.000 kwa nukta. Hiyo inaweza kusomwa tano, na mtoto anabaki na shilingi tano. La tatu ni mtoto kufuta mstari kwa sababu alikosea, ikatokea #REF! kila mahali. Hatufuti. Aliandika 700 badala ya 500 kwenye Imetoka? Aongeze mstari mpya, "marekebisho", 200 upande wa kuingia. Wahasibu wote wanafanya hivyo, na mtoto wa miaka kumi anaelewa vizuri tu.

Aandike nani? Mtoto. Jumamosi jioni, dakika kumi, simu yako mkononi mwake, wewe pembeni ukisoma ujumbe wa miamala kwa sauti. Makato yapate mstari wake peke yake. Mwenye mtoto bweni analijua swali la "umetuma na ya kutolea?" Hayo ya kutuma na ya kutolea yaandikwe, mtoto aone ni kiasi gani kimeliwa njiani. Viwango hubadilika; tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021 ilipunguzwa baadaye, kwa hiyo msikariri, angalieni menyu siku ya kutuma. Mtoto akiona mwenyewe kwamba kutuma mara nne kunakula kuliko mara moja, ataomba ya mwezi mzima. Akiimaliza wiki ya pili, usiongeze. Najua ni kazi ngumu.

Mgawanyo ni kurasa tatu ndani ya jedwali moja: matumizi, akiba, kutoa. Kwa 3,000 naona 2,000, 800 na 200 inatosha. Akiba iwe na jina la kitu na bei yake: mpira, 18,000. Kwa 800 kwa wiki ni wiki 23, na mtoto wa miaka minane kwake hiyo ni karne. Mwongezee 100 kwa kila 1,000 iliyokaa giza zima bila kuguswa. Msiopenda harufu ya riba, iiteni zawadi ya subira. Akiba ikikua, CRDB na NMB wana akaunti za watoto. Nenda na cheti cha kuzaliwa, picha za mtoto na kitambulisho chako.

Chini ya miaka saba, acheni jedwali. Chupa ya maji inayoonesha ndani, na sarafu.

Kuosha vyombo msikulipie, tafadhali. Mtamkuta siku moja anawauliza bei ya kuchota maji.

Namba ya siri mtoto haijui, kamwe. Kwenye duka la programu la Google washa kipengele cha kudai uthibitisho kila manunuzi, maana michezo inauza almasi za bandia kwa hela ya kweli. Kubeti ni kwa waliofika miaka 18. 500 inayotoka kila Jumamosi bila maelezo kwenye jedwali, muulize kwa upole kama kuna mkeka wa kubeti. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", mwacheni mtoto ausome, aseme mwenyewe kinachomtia shaka, kisha autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Sasa tufanye. Wenye simu janja sogeeni upande wa dirisha, huko mtandao unashika. Wenye kitochi chukueni daftari la mistari mezani, tunapiga safu tano zile zile kwa rula. Mstari wa kwanza andikeni tarehe ya leo, maelezo "salio la kuanzia", na kiasi mlichonacho cha mtoto hivi sasa. Hata kama ni sifuri, andikeni sifuri.