Rangi Hii Ni ya Nani?

Asanteni sana. Nilipomwambia mwenzangu kazini kwamba nakuja kuzungumza nusu saa nzima juu ya rangi kwenye programu za kompyuta, alinitazama kwa huruma. "Rangi si namba tatu tu?" akasema. Nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Baiti tatu, basi. Nikashindwa kumjibu papo hapo, maana alikuwa na haki. Kama rangi ni namba tatu, kwa nini maelekezo ya zana nyingi za kuchorea madirisha yalituamuru kwa miaka mingi tuirudishe rangi tukimaliza kuitumia, kama jembe la kuazima? Nani amewahi kuazima namba?

Jibu lipo kwenye skrini za zamani. Mfumo wa X11, unaochora madirisha kwenye kompyuta za Unix, ulitoka mwaka 1987, na kwa muda mrefu skrini nyingi zilizoutumia zilikuwa na biti 8 tu kwa kila pikseli. Biti 8 zinakupa namba 256. Kwa hiyo pikseli haikubeba rangi yenyewe. Ilibeba namba ya chumba, na rangi ilikaa ndani ya chumba hicho, kwenye jedwali moja lililotumiwa na programu zote zilizokuwa wazi. Vyumba 256, wapangaji wote mlioko humu.

Programu ikitaka rangi iliita XAllocColor. Seva, yaani ile programu ya X11 inayoshika skrini, ilitazama kwanza kama kuna chumba cha rangi hiyo ambacho wengine wanakichangia. Kama kipo, ukapewa namba yake. Kama hakipo, ukapewa chumba kitupu. Kama vyumba vimejaa, ukanyimwa, hata kama ulichotaka ni kijivu kidogo cha kuzungushia kitufe. Programu moja yenye picha nyingi ingeweza kuingia asubuhi na kujaza nyumba, na waliokuja nyuma yake wakaangaliana. Ujanja uliokuwepo ni kujitengenezea jedwali lako binafsi. Lakini kompyuta nyingi ziliweza kutumia jedwali moja tu kwa wakati, kwa hiyo dirisha lako likishika usukani, madirisha ya wengine yaligeuka zambarau na kijani cha ajabu mpaka ulipoondoka. Kwenye Windows ya rangi 256 hali ilikuwa ileile kwa sura nyingine: mfumo ulijiwekea rangi 20, zikabaki 236 za kugombaniwa.

Ndiyo maana kulikuwa na XFreeColors. Kurudisha rangi ulikuwa ujirani mwema. Walioandika Tk, zana mojawapo ya kuchorea madirisha, waliliona hilo mapema, wakaweka hesabu: ukiomba rangi ambayo tayari imo, Tk haitengenezi nyingine, inaongeza moja kwenye idadi ya wanaoitumia, ukiiachia, inapunguza moja, ikifika sifuri, chumba kinarudishwa. Hesabu rahisi kabisa, na bado siku hizi nakuta watu wanaigundua upya kwa madaha.

Sasa tuje kwenye zana ambayo imenilisha kwa miaka mingi, SWT, ile ya kuchorea madirisha iliyokuja na Eclipse, programu ya kuandikia programu, mwaka 2001 kutoka IBM. SWT imeandikwa kwa Java, na Java ina mkusanya taka wake: ukiacha kitu hakina anayekitaja, atakuja kukizoa. Kwa hiyo watu walipokutana na kanuni ya SWT, kwamba ulichokiumba mwenyewe ukiharibu mwenyewe kwa kuita dispose, wengi walinuna. Si tuko Java? Tumerudi kwenye lugha ya C, kila mtu afagie mwenyewe?

Mimi nadhani waliotunga kanuni ile walikuwa sahihi kwa wakati wao. Mkusanya taka wa Java huona kumbukumbu ya Java tu. Haoni jedwali la seva. Kitu cha Color upande wa Java ni kidogo mno, hakimsumbui. Anaweza kukaa saa nzima bila kuamka, huku upande wa pili vyumba vimeshajaa na programu ya jirani inanyimwa kijivu chake. Mfagiaji wa sebule huwezi kumlaumu kwamba bomba la uani limeziba.

Nitawaonyesha mistari miwili (display ni kiungo cha programu na skrini), maana hapa ndipo wengi hukosea:

Color c = new Color(display, 255, 244, 214);
kisanduku.setBackground(c);

Kisha mtumiaji anafunga dirisha. Dirisha linakufa, na kila kilichomo ndani yake kinakufa nalo, kikiwemo kisanduku. Rangi je? Haifi. Kisanduku hakikupewa rangi, kilionyeshwa tu. Na lazima iwe hivyo, kwa sababu rangi hiyohiyo inaweza kuwa kwenye visanduku vingine kumi, na cha kwanza kufungwa kingewavua wenzake. Na ukitaka kubadilisha rangi, angalieni mpangilio: kwanza weka mpya kwenye kisanduku, halafu ndipo uiharibu ya zamani. Ukigeuza, kuna kipenyo kidogo ambacho kisanduku kimeshika maiti, na kikihitaji kujichora katika kipenyo hicho, utalipata kosa lako kwenye mashine ya mteja, si kwenye yako. Makosa ya namna hii yana adabu mbaya sana.

Siku moja, kwa udadisi tu, nilifungua kodi ya SWT upande wa Windows nione dispose ya rangi inafanya nini hasa. Nikacheka peke yangu. Kulikuwa na sehemu ya kushughulikia paleti, yaani lile jedwali la rangi, yenye hesabu ya watumiaji kama ile ya Tk. Lakini skrini ikiwa ya rangi kamili, isiyo na paleti, hakuna kinachorudishwa popote. Rangi ni namba moja, na dispose inaweka alama tu kwamba imekufa. Kwa miaka yote ile, kwenye mashine yangu ya kisasa, nilikuwa nafanya tambiko la kuwaheshimu wahenga wa biti 8. Mwaka 2020 SWT yenyewe ikakubali: unaweza kuumba Color bila kuitajia display, na huna haja ya kuiharibu. Mwenzangu wa kazini alishinda.

Lakini alishinda nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Zamani nilifanya kazi ya fomu ya kuingizia data, moja kwa moja kwenye Windows bila zana ya katikati. Mteja alitaka kisanduku kiwe chekundu hafifu kama kilichoandikwa kina kosa. Kazi ya dakika tano. Windows, kabla ya kuchora kisanduku cha maandishi, hutuma ujumbe WM_CTLCOLOREDIT kwa dirisha mama, na dirisha mama linajibu kwa kurudisha brashi ya kupaka mandharinyuma. Nikaandika hivi:

return (LRESULT)CreateSolidBrush(RGB(255, 230, 230));

Inafanya kazi vizuri. Nikaenda nyumbani nimefurahi. Baada ya wiki simu zikaanza: ikifika mchana, programu "inaugua". Herufi zinabadilika zinakuwa za ule mwandiko mnene wa zamani, vitufe vinabaki vyeupe, menyu inafunguka tupu. Ukiifunga na kuifungua inapona. Siku mbili nzima nililaumu kiendeshi cha kadi ya michoro, maana ni rahisi kumlaumu asiyekuwepo. Mwishowe nikafungua Task Manager, nikaongeza ile safu ya vitu vya GDI, sehemu ya Windows inayochora, nikaanza kuandika kwenye fomu huku nikiitazama. Kila nikibonyeza herufi, namba inapanda. Nikasogeza dirisha lingine juu yake na kuliondoa, ikapanda tena. Windows kwa kawaida huiruhusu programu moja kuwa na vitu 10,000 vya GDI. Wafanyakazi wa mteja walikuwa wanaandika haraka, na ndiyo maana ajali ilitokea mchana.

Mnaona tofauti? RGB(255, 230, 230) ni namba, haigharimu kitu. Brashi iliyochovywa kwenye namba hiyo ni mali ya mfumo, ina hendeli yake, yaani namba ambayo mfumo unaitambulia, na inakaa hadi uite DeleteObject. Dawa yake ilikuwa fupi: umba brashi mara moja dirisha linapozaliwa, rudisha hiyohiyo kila unapoulizwa, iharibu dirisha linapokufa. Na ukitumia GetSysColorBrush usiifute kabisa, hiyo umeazimwa na mfumo. Fonti, picha na vishale vya kipanya viko kundi moja na brashi hadi leo, kwenye SWT pia. Msisikie "rangi haiharibiwi tena" mkaenda kufuta kila dispose mliyonayo.

Kosa pacha la hili ni kuharibu kisicho chako. JFace, maktaba iliyojengwa juu ya SWT, ina ColorRegistry, rejista ya rangi: unaitajia jina, inakupa rangi, na rangi inabaki ya rejista. Nimewahi kuona mtu mwangalifu, aliyekwisha kuumwa na nyoka wa kuvuja, yaani wa kusahau kurudisha, akiiharibu rangi aliyopewa na rejista alipofunga dirisha lake. Dirisha lake halikuwa na shida yoyote. Aliyeanguka ni mwandishi wa sehemu nyingine kabisa, na ujumbe "Graphic is disposed" ukielekeza kwenye kodi yake safi. Walinuniana siku tatu.

Kwa hiyo siku hizi swali la umiliki limehama. Zamani tuliuliza nani atairudisha rangi. Sasa tunauliza nani anayeiamua. Tangu macOS Mojave ya 2018 ilipoleta mandhari meusi kwa mfumo mzima, na wengine kwenda njia hiyohiyo, mtumiaji anaweza kugeuza rangi zote saa yoyote programu yako ikiwa wazi. Kosa ninalolikuta kila wiki: mtu ameweka mandharinyuma meupe kwa mkono, lakini maandishi ameyaacha yafuate mfumo. Mandhari yakigeuka, maandishi yanakuwa meupe juu ya meupe. Ukigusa kimoja, gusa na cha pili, au uviache vyote viwili.

Qt, zana nyingine ya kuchorea madirisha, ililipanga hili vizuri zamani. QColor ni thamani tu, huirudishi popote, na juu yake kuna QPalette ambayo hutaja rangi kwa kazi yake: Base, WindowText, Highlight. Kwenye macOS labelColor haina namba maalumu hadi wakati wa kuchorwa. Kwenye SWT unaomba getSystemColor(SWT.COLOR_LIST_BACKGROUND). Ila ukiomba asubuhi, ukanakili zile namba tatu ukaziweka kwenye kigezo cha static, kinachokaa muda wote programu ikiwa wazi, umeshaigandisha rangi. Mfumo utageuka, wewe utabaki na jana.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada.

Anauliza kama rangi zote za programu ziwekwe kwenye rejista moja. Ndiyo, lakini ziiteni kwa kazi. Nimerithi kodi yenye rangi inayoitwa "njano" ambayo kwenye mandhari meusi ni kahawia iliyokoza. Kila anayeisoma anadhani ni kosa na anataka kuirekebisha. Ingeitwa "onyo" tungepumzika.

Na kaka hapa mbele anataka kujua juu ya majedwali yenye mistari ya kupishana, ambayo mfumo haukupi rangi yake. Kwenye Qt ipo, inaitwa AlternateBase. Kwingine mimi naichanganya: sehemu 95 za mandharinyuma ya orodha, sehemu 5 za rangi ya maandishi. Mandharinyuma ikiwa 255 na maandishi 0, unapata 242, kijivu hafifu. Mandharinyuma ikiwa 30 na maandishi 230, unapata 40, mwanga kidogo juu ya giza. Fomula haijui kama ni usiku au mchana. Kwenye SWT ninasikiliza tukio la SWT.Settings kwenye display, likija nakokotoa upya na kuliambia jedwali lijichore. Unauliza kama nahifadhi rangi ile ya zamani? Hapana. Kwa nini niihifadhi?