Dashibodi inaandika hasi 40 na AC haipoozi? Msikimbilie kununua kompresa

Mwangaluka, ndugu zangu wa Tabora, na wengine wote mnaonifuatilia. Kila nikifungua maoni nakutana na swali lile lile: "Dada, gari langu linaandika nyuzi hasi 40, AC haipoozi, fundi anasema kompresa (pampu ya gesi ya AC) imekufa, nifanyeje?" Leo najibu. Najua wapo watakaosema nimefika Uingereza najifanya fundi, na wengine watasema kazi yangu kulalamika. Semeni, ila nisikilizeni kwanza, hela inayopotea ni yenu.

Jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua, halafu gari linaandika hasi 40! Mara nyingi hapo ni waya umekatika, soketi imechomoka au sensa ya joto la nje imekufa, kompyuta haipati kitu. Na magari mengi yenye AC ya otomatiki, yakiamini nje kuna barafu, hayawashi kompresa. Kompresa ni nzima, imenyimwa ruhusa tu. Kaka yangu pale Ipuli aliambiwa anunue nyingine, na mnajua simu ya hela inapigwa kwa nani. Inaniuma sana. Bampa halijafunguliwa, bei imeshatajwa! Na huku msidhani kuna nafuu, gereji niliyokwenda walinitoza saa nzima ya kupima kabla hawajagusa gari.

Sensa yenyewe ni kidude kidogo, kwa magari mengi kimekaa nyuma ya bampa la mbele, mengine kwenye kioo cha pembeni. Kama gari liliwahi kugongwa mbele, anzeni hapo. Chomoa soketi, angalia kutu, weka tester (kile kipima umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, ugusishe nyaya zake kwenye pini za sensa. Ishike sensa kiganjani ipate joto, namba ishuke. Itie kwenye maji ya barafu, namba ipande. Isipocheza kabisa, imekufa. Kwa kaka, kijana wa umeme aliunganisha matundu mawili ya ile soketi kwa kipande cha waya, akawasha swichi ya gari, dashibodi ikaruka kutoka hasi 40 hadi joto la juu kabisa. Basi waya ni mzima, mbovu ni sensa.

Mnauliza kwa nini sikumtumia ya huku. Nilijaribu! Fomu ya kutuma kifurushi inadai namba ya nyumba na msimbo wa posta, kaka ana S.L.P. tu, ikakataa. Na nauli ilizidi bei ya sensa. Akapata iliyotumika hapo hapo mjini, yenye namba ile ile ya kipuri.

Mkiifunga, irudi kwenye kishikizo chake, ikining'inia jirani na redieta itasoma joto la injini. Namba ikichelewa kubadilika, tembezeni gari kwanza, kompyuta nyingi huivuta taratibu makusudi. Hayo ni ya gari la kaka yangu. La kwako lina vipimo vyake vya omu, na kama tatizo ni gesi imeisha, sensa mpya haitakusaidia, kapime gesi.