Karatasi Tulizozichovya Kwenye Chai

Haya jamani, mambo vipi huko nyumbani? Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba.

Leo siwapeleki matembezi wala sokoni. Niko mezani jikoni, Philadelphia, Marekani, nje kuna baridi ya kukata masikio, na hiyo sauti ya kugonga mnayoisikia ni bomba la joto, si mgeni. Mbele yangu kuna mkasi, gundi, kaunta buku niliyoibeba kutoka Tanga, na sufuria mbili: moja chai ya rangi, moja kahawa. Mnaolalamika kwamba kila siku nawatamanisha vyakula, leo hizi hazinyweki.

Ilianzia kwa mwanangu. Ana miaka sita. Siku moja karudi shuleni na uso wa karatasi. Walikuwa wanatengeneza sura zao za kubandika ukutani. Mwalimu alizikata nyuso zote mapema ili kurahisisha kazi, na zote kazikata kwenye manila ya rangi moja, ile ya pichi, kama plasta ya kidonda. Mtoto kachukua kreyoni ya kahawia aifunike. Wenye watoto mnajua, kreyoni ni nta, haikamati vizuri juu ya rangi nyingine. Kasugua, kasugua, mpaka shavu likachanika. Nikamuuliza kulikoni, akanijibu: "Mama, yangu imekataa kuwa mimi."

Sikulala vizuri siku ile. Na mwalimu mwenyewe si mtu mbaya, tena ananisalimia vizuri kuliko majirani zangu. Haikumjia tu akilini. Hicho ndicho kilichoniuma.

Kampuni ya Crayola, ambayo iko Easton, humu humu Pennsylvania, kwa miaka mingi iliuza kreyoni ya pichi iliyoandikwa "ngozi". Ngozi ya nani? Hawakusema. Jina wakalibadilisha mwaka 1962, wakati watu weusi wa huku wako barabarani wanadai haki zao. Boksi lenye rangi 24 za ngozi za watu wa dunia likaja 2020. Hesabuni wenyewe hapo katikati imepita miaka mingapi.

Boksi lile nimelinunua, liko pale. Ila kreyoni inapaka juu, na mimi nilitaka karatasi iliyoingiwa na rangi mpaka ndani. Sasa tazameni. Karatasi nyeupe nzito; msitumie ya fotokopi, itawamegukia mkononi. Majani ya chai vijiko vitatu, maji ya moto, unayaacha yapoe kidogo, unailaza karatasi humo. Dakika tano inatoka rangi ya andazi. Nusu saa, rangi ya kashata ambayo sukari yake imeungua kidogo. Ile ya kahawa tuliisahau usiku kucha, asubuhi imetoka ukwaju mtupu. Unaanika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Ikikauka inajikunja, kwa hiyo unaigandamiza na kitu kizito. Mimi naiweka chini ya sufuria ya ubwabwa. Tukapata rangi kumi na moja. Mtoto akaanza kuzigawa: hii baba, hii shangazi, hii rafiki yangu tunayekaa naye kwenye basi.

Kisha tukakata wanasesere. Wa rika langu mtakumbuka, tulikuwa tunakata watu kwenye magazeti halafu tunawatengenezea magauni ya karatasi yenye vishikio mabegani. Basi huku kulikuwa na mwanamke aliyeifanya ndiyo kazi yake, Jackie Ormes, mchoraji katuni mweusi. Miaka ya 1950 alichora katuni ya binti aitwaye Torchy kwenye Pittsburgh Courier, gazeti la watu weusi, na pamoja nayo mwanasesere wa kukata na nguo zake. Enzi zile mwanamke mweusi kwenye katuni za magazeti makubwa mara nyingi alikuwa mtumishi wa ndani, kachorwa midomo mikubwa ili achekwe. Torchy yeye ni magauni ya mtindo, na mtoto mwenye mkasi angeweza kumvalisha atakavyo.

Na hapa hapa Philadelphia aliishi William Dorsey, aliyezaliwa 1837. Baba yake alitoroka utumwani Maryland akaja kuwa mpishi wa shughuli za matajiri, mtu mwenye jina mjini. Mwana akawa mtu wa mkasi. Alikata habari magazetini, nyingi za watu weusi, akabandika vitabu kwa vitabu mpaka vikakaribia 400. Vilikuja kukutwa vimesahauliwa stoo katika chuo cha Cheyney, na leo mwanahistoria akitaka kujua weusi wa mji huu waliishije karne ya 19, anavifuata. Fikiria: mistari miwili ya harusi ya mtu, ambayo kesho yake ingefungiwa samaki.

Ndiyo sababu ya kaunta buku hili. Ukurasa huu ni ule uso uliochanika, sikuutupa. Tarehe ipo, na jina kaliandika mwenyewe. Huu ni risiti ya duka ambalo mlinzi alinifuata rafu kwa rafu. Nilinunua chumvi tu. Nimeandika saa, na nguo niliyovaa.

Huu sasa msinicheke. Ni lebo ya kopo la krimu niliyojipaka miezi minane kabla ya harusi yangu, Tanga. Hakuna Mzungu aliyenishika mkono. Mashangazi walisema bibi harusi lazima ang'ae, nami nikang'aa mpaka mashavu yakaanza kuwasha juani. Mnaoniandikia kila siku kwamba ubaguzi wa rangi ni mambo ya huko kwenu Marekani, huu ukurasa ni wenu pia.

Shuleni nilipeleka bahasha ya nyuso, rangi zote kumi na moja. Mwalimu akanyamaza kidogo, akauliza zimetengenezwaje. Majani ya chai, nikamwambia. Akachukua moja akainusa. Ijumaa ile watoto wote walitengeneza upya, hata wale weupe, na kumbe hata kati yao hakuna aliyefanana na ile pichi. Ukuta umebadilika. Polisi na wenye nyumba za kupanga bado hawajapata habari.

Jana tukampigia bibi yake Tanga kwa video. Mtoto akawa anamwinulia karatasi moja moja kwenye simu achague yake. Mama akavaa miwani, akazikagua kama anachagua kanga dukani. Ya andazi akaikataa. Ya kashata akaikataa.

"Hiyo mliyoisahau kwenye kahawa," akasema, "ndiyo mimi. Na mnivalishe, msije mkanibandika uchi mbele za watu."

Kwa hiyo hapa ninachokata ni kanga. Kasema anataka doti nzima.