Iacheni Karatasi Kwenye Dawa

Mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea, vumilieni. Leo ni fotogramu, picha za bila kamera zinazotengenezwa kwenye chumba cha giza: kulaza jani au glasi juu ya karatasi ya picha na kuwasha taa hakumshindi mtu. Watu wanaharibia kwenye trei ya dawa ya kusafishia, ile inayoitoa picha kwenye karatasi.

Tazameni inavyokuwa. Sekunde za mwanzo hakuna kitu, karatasi nyeupe tu. Mara pembezoni panaingia kijivu, jani linabaki jeupe katikati, na hujakaa sawa weusi umeshaenea. Mtu anapiga kelele "Imetoka!", anaibana kwa koleo, anaichopoa. Haijatoka! Taa nyekundu ya chumba cha giza, ile isiyoathiri karatasi, inadanganya: chini yake kijivu kizito huonekana cheusi tititi. Ipeleke kwenye mwanga wa kawaida, utakuta weusi wa tope, tena una mabaka, kwa kuwa dawa haijamaliza kazi na haikufika kote sawasawa. Dawa ikiwa na joto la nyuzi 20, karatasi iliyopakwa plastiki inataka kama dakika 1. Isiyo na plastiki, 2 hata 3. Tikisa trei polepole na macho yako yawe kwenye saa. Kwenye saa, nimesema!

Kuna mtu huko nyuma ananung'unika: nikiiacha, mishipa ya jani nayo itamezwa na weusi. Ikimezwa, basi ulimulika mno. Punguza sekunde za taa, za dawa usiziguse. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, sehemu moja uimulike sekunde 2, nyingine 4, nyingine 8, usafishe kwa muda kamili, ndipo uchague. Watu wanabania ukanda mmoja halafu wanatupa karatasi nzima tano! Hesabu hiyo sijawahi kuielewa.

Nilitaka kuwaeleza habari za msanii Man Ray na picha zake za namna hii za Paris za 1922, na Anna Atkins wa Uingereza, aliyeanza kuchapa miani kwa chumvi za chuma mwaka 1843 akisafisha kwa maji matupu. Muda umekwisha. Baada ya dawa ya kwanza, asidi hafifu ya kuisimamisha, kisha dawa ya kukazia, ambayo huondoa chumvi za fedha zisizoguswa na mwanga. Ukiiruka, ule weupe wa jani utaingia giza ukiutazama. Halafu maji: ya plastiki dakika chache, isiyo na plastiki karibu saa nzima.

Haya, maswali. La sekunde za dawa silitaki.