Karanga za Mheshimiwa

ZUHURA: Karibuni tena kibarazani. Lukas, mfuko huo wa nini?

LUKAS: Karanga. Tafuna kwanza, ndiyo mada ya leo. Wiki iliyopita uliniuliza kiongozi asiyejua kwamba hajui anafananaje. Nimekuletea John Strachey.

ZUHURA: Simjui.

LUKAS: Waziri wa Chakula wa Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Kasoma Oxford, mwandishi mahiri, hakuwa mjinga hata kidogo. Kwao mafuta ya kupikia yalikuwa adimu, wakaamua kulima karanga huku Afrika, hasa Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3. Wakaanzia Kongwa mwaka 1947.

ZUHURA: Kongwa kwenu! Kwenye ukame ule?

LUKAS: Kule kule. Wataalamu walizunguka wiki tisa tu mwaka 1946, sehemu kubwa wakiwa kwenye ndege. Kiongozi wao, John Wakefield, aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika hii hii!

ZUHURA: Ehee! Basi huyo hana kisingizio.

LUKAS: Udongo wa Kongwa mvua ikikatika unakuwa tofali. Karanga zinaiva chini, kuzing'oa huwezi. Babu alikuwa akisema, "Wangemuuliza hata mtoto anayechunga mbuzi." Matrekta yenyewe mengi mitumba ya jeshi kutoka Ufilipino, yakafa upesi. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000. Wakapanda kama 7,500.

ZUHURA: Hapo si unasimama?

LUKAS: Mtu wa kawaida, ndiyo. Mheshimiwa anapunguza lengo, halafu anakwenda bungeni kutetea mpango. Mwaka ukiharibika, lengo linashuka tena. Mwishowe mbegu walizonunua zilikuwa nyingi kuliko karanga walizovuna.

ZUHURA: Subiri nicheke kwanza... Sisi tunafundishwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na guu lililovunjika si lake.

LUKAS: Ndiyo maana simlaumu kwa kutojua kilimo. Waziri gani anajua kila kitu? Namlaumu kwa kuwa kila kushindwa kulikuwa na mtu wa kubebeshwa: mara mvua, mara matrekta. Mwaka 1949 Wakefield akafukuzwa. Waziri akatakiwa ajiuzulu, akagoma.

ZUHURA: Wa kwetu nao wanajua kugoma, tusijifanye. Akaishia wapi?

LUKAS: Mwaka 1950 akahamishwa. Wizara ya Vita.

ZUHURA: Ya vita! Ameshindwa karanga, kapewa bunduki?

LUKAS: Mpango ukafutwa Januari 1951. Pauni milioni 36 zikaenda na vumbi.

ZUHURA: Na lile shamba?

LUKAS: Sehemu yake ndiyo Ranchi ya Kongwa. Ng'ombe tu.

ZUHURA: Na kabla ya Waingereza, Wagogo walikuwa wanafanya nini pale?

LUKAS: Wanachunga ng'ombe. Lete huo mfuko, umebakiza maganda.