Anza na Vitufe: Mhadhara juu ya Kuunda Kompyuta ya Mfukoni

Vijana, leo tena naanza na vitufe. Najua mnasubiri kuona skrini ikiwaka, na itawaka. Hiyo ni kazi ya nyaya nne. Kinachozifanya kompyuta hizi zitupwe kwenye droo ni kwamba mtu akibonyeza "chini" mara moja, menyu inaruka mistari mitatu. Hapo hakuna atakayeishika tena.

Vifaa mnavyo mezani: Raspberry Pi Pico, yaani bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu yenu, skrini ya OLED (nukta zake huwaka zenyewe) ya inchi 0.96 yenye nukta 128 kwa 64 na chipu ya kuiendesha ya SSD1306, na vitufe vinne vya milimita 6 kwa 6. SDA, waya wa data wa skrini, iende GP4, na SCL, waya wa mapigo ya saa, iende GP5 (GP ni pini za Pico ambazo programu inazisoma na kuziamuru); umeme wa volti 3.3 utoke pini ya 36. Someni maandishi yaliyo kwenye bodi ya skrini kabla ya kuunga waya: nyingine huanza na GND (ardhi), nyingine na VCC (umeme), na ukizibadilisha unaweza kuiunguza. Vitufe vikae GP10 hadi GP13, na upande wa pili wa vyote uende ardhini, pini ya 18. Kwenye programu washeni rezista za ndani za Pico za kuvuta juu, zinazoishikilia pini kwenye 1. Kitufe kikiwa huru pini inasoma 1, kikibonyezwa inasoma 0. Kina miguu minne, lakini imeungana miwili miwili. Lehemu miguu iliyokaa pembe kwa pembe. Ukichukua miwili iliyoungana, Pico itaona umebonyeza saa zote.

Sasa shika kitufe kimoja. Ndani mna kibati kinachopigana na kingine, na kikigota hakitulii papo hapo; kinadunda kama mpira kwenye sakafu, milisekunde kadhaa, mara nyingine hata 10 au zaidi. Pico inasoma kwa kasi kubwa sana, kwa hiyo kila mdundo inauona kama mbonyezo mpya. Programu yako haijakosea kuhesabu. Imehesabu kweli kilichotokea.

Mtu ataniambia, "Basi tumia interapti, pini ikibadilika Pico iache kazi yake na ishughulikie mara moja." Hapana! Interapti ndiyo inayoidaka midundo yote bila kuacha hata mmoja. Mwingine atasema, "Weka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye kila kitufe, ihifadhi chaji na kulainisha midundo." Inasaidia, sikatai, na rezista ya ndani ya kiloomu 50 au zaidi inakupa milisekunde 5 na ushei za kulainisha. Lakini sasa una vipande vinne zaidi vya kulehemu kwenye kasha dogo, na bado programu lazima ijue kama kidole kimeachia au bado kimeshikilia. Kwa hiyo tatizo limebaki palepale.

Dawa ni hii. Weka taima, saa ya ndani ya Pico, isome vitufe vyote kila milisekunde 5. Usikubali hali mpya mpaka isomeke vilevile mara nne mfululizo, yaani milisekunde 20. Halafu menyu isogee pale tu hali iliyokubaliwa inapotoka 1 kwenda 0, siyo muda wote ikiwa 0. Kidole kikishikilia nusu sekunde, anza kurudia kila milisekunde 100. Bila hivyo orodha ya majina 60 itamchosha mtu.

Kwa nini taima, isiwe kwenye mzunguko mkuu wa programu, ule unaochora skrini? Piga hesabu. Picha nzima ya skrini ni baiti 1024, na kila baiti huchukua biti 9 kwenye waya. Kwa kasi ya kilohezi 400, yaani biti 400,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 23. Kwa kilohezi 100, ambayo wengi wanaiacha bila kujua, ni 92, na mbonyezo mwepesi unapita katikati bila kuonekana. Weka 400, na uchore upya pale tu kitu kilipobadilika. Na tafadhali, "sleep", amri ya kuisimamisha programu kwa muda, isionekane popote ndani ya menyu.

Menyu yenyewe naipitia haraka. Iandike kama jedwali: jina, mzazi (menyu iliyo juu yake), kazi ya kufanya. Herufi za nukta 8 kwa 8 zinakupa mistari 8 ya herufi 16. Tunza namba mbili, mstari wa juu unaoonekana na mstari uliochaguliwa; uliochaguliwa ukitoka nje ya dirisha, sogeza wa juu.

Betri, maana muda umekwisha. Seli ya lithiamu inaingia VSYS, mlango wa umeme wa Pico, pini ya 39, lakini kupitia dayodi ya Schottky, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Ukiiunga moja kwa moja, siku utakayochomeka USB umeme wa karibu volti 5 utaingia kwenye seli bila kizuizi, na seli hiyo inaweza kuwaka moto. Bodi ya kuchajia ya TP4056 huja na rezista ya kiloomu 1.2 inayopanga mkondo wa kuchaji, yaani ampea 1 nzima. Kwa seli ya mAh 500 ing'oe, uweke ya kiloomu 5, ipate miliampea 250. Fanyeni hivyo kabla hamjafunga kasha.